Sura ya Sita: Mashine Ikiganda, Kosa Limefika Wapi?

Katika nchi ya chai, kuanzia Kericho mjini hadi Litein, Kapkatet na Mogogosiek, mtu akijulikana kuwa na ujuzi wa kompyuta hakosi kuulizwa swali hili: mbona mashine moja huganda kila wiki, na nyingine hukaa mwaka mzima bila hata kuzimwa?

Muuza simu hujibu kwa kutaja kampuni. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga hujibu kwa kutaja mfumo: weka Linux, utasahau habari ya kuganda. Karani wa kituo cha kununulia majani hulaumu stima. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila jambo lenyewe huamuliwa ndani zaidi ya hapo, mahali ambapo mnunuzi haoni na muuzaji mara nyingi hajui kupaeleza.

Nalo si swali la kupitishia muda. Mkulima hufika kituoni na majani aliyoanza kuchuma alfajiri. Gunia hutundikwa kwenye mizani ya kielektroniki, uzito hupelekwa bila waya hadi kwenye mashine ya mkononi ya karani, na risiti huchapwa papo hapo. Kilo za risiti hiyo ndizo zitakazohesabiwa katika malipo ya mwezi, na ndizo zitakazorudi kuhesabiwa wakati wa bonasi. Majani mabichi nayo hayangoji. Yakikaa yamebanwa kwenye magunia kwa saa nyingi hupata joto, hugeuka rangi ya kahawia, na chai inayotokana nayo hushuka daraja. Basi karani anaposema, "Mama, ngoja kidogo, mashine imeganda," huku lori likiwa limeshafika na mawingu yametanda, kinachosimama ni mapato ya nyumba nzima.

Kiini na mamlaka yake

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoisimamia mashine tangu inapowashwa hadi inapozimwa. Windows ni mfumo endeshi, na vilevile Android, Linux na iOS. Ndani ya kila mfumo kuna sehemu moja ambayo nyingine zote huitegemea. Sehemu hiyo ni kiini, au kerneli kama mafundi wengi wanavyoiita.

Kiini kina kazi tatu kubwa. Hugawa zamu za kutumia prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote. Hugawa kumbukumbu, yaani nafasi ya muda ambamo kila programu huweka vitu vyake ikiwa kazini. Tena huzungumza na vifaa: skrini, diski, printa, mizani. Mazungumzo na vifaa hufanywa kupitia vipande vya programu viitwavyo draiva, na kwa kawaida kila aina ya kifaa huwa na draiva yake, iliyoandikwa na aliyekitengeneza.

Prosesa za kompyuta na simu zetu hufanya kazi katika hali mbili. Programu za kawaida, kama ile ya kuandikia barua au ya kutazama picha, huendeshwa katika hali ya mtumiaji. Humo, programu haiwezi kugusa kumbukumbu ya mwenzake. Ikijaribu, prosesa yenyewe huisimamisha na kukiarifu kiini, nacho huifunga. Ndipo unapoona kwenye simu ujumbe kwamba programu fulani imesimama, huku saa, redio na mtandao vikiendelea kama kawaida.

Kiini chenyewe huendeshwa katika hali ya pili, hali ya kiini, na huko hakuna kizuizi. Msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtunga programu, ukiwa katika hali hiyo unaweza kusoma na kuandika popote. Ukikosea, hakuna mkubwa wake wa kuushika mkono. Kinachobaki ni kiini kugundua kwamba mambo yameharibika na kujisimamisha chenyewe. Kwenye Windows huja ile skrini ya buluu ambayo wengi wameiona. Linux nayo huandika mistari ya mwisho kwenye skrini kisha hunyamaza, na simu hujizima na kujiwasha tena.

Watu huichukia skrini ya buluu, lakini ni vyema kujua kwa nini ipo. Kiini ambacho kumbukumbu yake imechafuka, kikiendelea na kazi, kinaweza kuandika takataka juu ya mafaili yako. Kusimama ni njia ya kuokoa kilichobaki.

Kwa ufupi: programu ya kawaida ikikosea, inakufa peke yake. Kitu kilicho ndani ya kiini kikikosea, kinaweza kuua kila kitu. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu utulivu wa mfumo wowote ni hili: nani ameruhusiwa kuingia ndani ya kiini?

Jina moja, tabia mbili

Walioketi katika saiba za miji yetu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaikumbuka Windows 98. Mtu alilipia dakika zake, akaandika barua ya maombi ya kazi, na kabla hajaichapa mashine ikaganda. Mwenye saiba alibonyeza kitufe cha kuzima, na barua ikapotea.

Windows 95 na Windows 98 zilijengwa zikibeba urithi wa DOS, mfumo wa zamani uliodhani kwamba mashine ina programu moja tu kwa wakati mmoja. Ili programu za zamani zisikatae kufanya kazi, Microsoft iliacha sehemu za kumbukumbu ya mfumo wazi kwa programu zote. Mchezo wa kompyuta ulioandikwa vibaya uliweza kuandika juu ya sehemu hizo na kuiangusha mashine nzima. Tarehe 20 Aprili 1998, Bill Gates mwenyewe alikuwa jukwaani katika maonyesho ya COMDEX jijini Chicago wakati msaidizi wake alipochomeka skana kwenye kompyuta yenye Windows 98, na skrini ya buluu ikatokea mbele ya umati.

Kulikuwa na kasoro nyingine iliyochukua miaka kugunduliwa. Mifumo hiyo ilihesabu muda kwa sehemu za elfu za sekunde tangu mashine iwashwe, na hesabu hiyo ilijaa baada ya siku 49.7. Ikishajaa, mashine iliweza kuganda. Kasoro ilijulikana mwaka 1999, karibu miaka minne baada ya Windows 95 kutoka, kwa kuwa kompyuta chache sana za aina hiyo ziliwahi kukaa muda mrefu hivyo bila kuzimwa.

Wakati huohuo Microsoft ilikuwa na Windows nyingine kabisa. Windows NT ilitoka mwaka 1993, na kazi yake iliongozwa na Dave Cutler, mhandisi aliyetoka kampuni ya Digital. Kiini cha NT kiliandikwa upya tangu mwanzo, na kumbukumbu ya kila programu ikatengwa na ya mwenzake. Benki na ofisi kubwa ziliitumia, lakini ilihitaji mashine ya gharama. Mwaka 2001, Windows XP ilikileta kiini cha NT katika kompyuta za nyumbani, na saiba zilizobadilisha mfumo ziliona tofauti bila kununua mashine nyingine.

Kampuni ni ileile na jina kwenye kasha ni lilelile, lakini ndani mna viini viwili visivyofanana hata kidogo. Ndiyo maana sikubaliani na jibu la muuza simu. Jina la kampuni halikuambii kiini kimejengwaje.

Ubishi wa mwaka 1992

Hapa tunafika kwenye swali ambalo wahandisi wenyewe hawajaacha kubishania: kiini kiwe kikubwa au kidogo?

Tuchukue mfano wa karibu: viwanda vya zamani vya chai viliendeshwa na injini moja. Injini hiyo ilizungusha mhimili mrefu uliopita juu chini ya paa, na kila mashine ilivuta nguvu kutoka kwenye mhimili kwa ukanda. Mpango huu ulikuwa rahisi, lakini mhimili ukikwama, kiwanda kizima kilisimama, na majani yaliyokuwa yakisubiri yakaharibika. Baadaye kila mashine ikapewa mota yake. Mota ya kikaushio ikiungua, fundi huibadilisha huku majani mengine yakiendelea kunyaushwa upande wa pili.

Kiini kikubwa, ambacho wahandisi hukiita kiini cha kipande kimoja, kina tabia ya mhimili. Draiva, mfumo wa mafaili na shughuli za mtandao zote hukaa pamoja katika hali ya kiini, zikishirikiana kumbukumbu. Kazi huenda kwa kasi kwa sababu sehemu moja huita nyingine moja kwa moja. Linux imejengwa hivyo. Kiini kidogo, kwa upande wake, hubaki na kazi chache tu zisizoepukika: zamu za prosesa, mgawo wa kumbukumbu, na kupokezana ujumbe. Draiva na mfumo wa mafaili hutolewa nje, hali ya mtumiaji, zikawa programu kama programu nyingine. Draiva ya printa ikifa, hufa peke yake na huweza kuwashwa upya.

Mnamo Januari 1992, Andrew Tanenbaum, profesa wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam na mtunzi wa mfumo wa kufundishia uitwao Minix, aliandika hadharani kwamba Linux imepitwa na wakati tangu kuzaliwa kwake. Kwake, kujenga kiini cha kipande kimoja katika mwaka wa 1991 kulikuwa kurudi nyuma kwa miaka ishirini. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 22, alimjibu kwa ukali wa kijana: mfumo wake unafanya kazi, upo mikononi mwa watu, na unawapa mengi ambayo Minix haiwapi.

Wakati huo viini vidogo vilikuwa na sifa ya uzito. Kila ujumbe unaotoka sehemu moja kwenda nyingine hulazimu prosesa kubadili hali, na mabadiliko hayo yana gharama. Mach, kiini kilichoanzwa mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ndicho kilichowafanya wengi waamini kwamba wazo lote ni la polepole. Mjerumani Jochen Liedtke alikataa kuamini hivyo. Katika miaka ya 1990 aliandika kiini chake, L4, akikipunguza na kukipiga msasa, na akaonyesha kwamba uzito ulitokana na namna Mach ilivyoandikwa.

Kutoka katika ukoo huo wa L4 kulitokea jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote katika historia ya viini. Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya NICTA nchini Australia walikamilisha uthibitisho wa kihisabati wa kiini kiitwacho seL4: kwamba msimbo wake unafanya kile hasa ulichoandikiwa kufanya. Waliweza kwa sababu kiini hicho kina mistari chini ya elfu kumi ya lugha ya C. Linux ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1991 nayo ilikuwa na mistari kama elfu kumi. Leo imepita milioni 30, na zaidi ya nusu yake ni draiva. Hakuna binadamu anayeweza kuthibitisha kwa hesabu mistari milioni 30.

Hata hivyo Linux ndiyo iliyoenea. Ilikubali draiva kutoka kwa kila mtu, ilikuwa bure, na maelfu ya wahandisi waliisoma na kuisahihisha. Toleo jipya hutoka kila baada ya miezi miwili au zaidi kidogo, na baadhi ya matoleo hutunzwa kwa miaka mingi yakipokea marekebisho ya makosa tu. Utulivu wake umetokana na kazi hiyo ya kila siku. Kwa maoni yangu Tanenbaum alikuwa sahihi kuhusu namna bora ya kujenga, na mwanafunzi wa Kabianga naye yuko sahihi anapoisifu Linux, ila asidhani kwamba sifa hiyo inatokana na umbo la kiini chake.

Ubishi wenyewe umeishia mahali ambapo wengi hawakutarajia. Simu ya Android iliyo mfukoni mwa mchuma chai wa Konoin ina kiini cha Linux, ilhali katika simu nyingi chipu inayozungumza na mnara wa mtandao imewahi kuendeshwa na kiini cha ukoo wa L4. Mwaka 2017 ilijulikana kwamba Intel ilikuwa imeiweka Minix ndani ya chipu zake, kwenye sehemu ya usimamizi isiyoonekana na mtumiaji. Tanenbaum mwenyewe hakuwa ameambiwa. QNX, kiini kidogo kilichoanzia Kanada katika miaka ya 1980, kimo ndani ya mamilioni ya magari.

Mpaka unaosogezwa

Vitabu vingi hueleza aina hizi mbili kana kwamba mfumo ukishachagua, umechagua milele. Ukweli ni kwamba mpaka kati ya ndani na nje ya kiini umesogezwa mara nyingi, mara kwa ajili ya kasi, mara kwa ajili ya usalama.

Windows NT ilianza na shughuli za kuchora skrini zikiwa nje ya kiini. Mwaka 1996, katika NT 4.0, Microsoft iliziingiza ndani ili mashine iwe nyepesi. Kasi ikapatikana, na draiva mbovu za skrini zikapata uwezo wa kuangusha mfumo mzima. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, sehemu kubwa ya draiva hizo ilirudishwa nje. Ukiwahi kuona skrini ya kompyuta ikiwa nyeusi kwa sekunde chache, kisha ikarudi na ujumbe kwamba draiva ya skrini imeanzishwa tena, umeona faida ya uamuzi huo. Zamani hiyo ingekuwa skrini ya buluu.

Mfano ulio karibu zaidi na mizani ya chai ni Windows CE, mfumo uliotumika katika mashine nyingi za mkononi za kazi duniani kabla Android haijachukua nafasi yake. Hadi toleo la 5, draiva na huduma kuu za Windows CE ziliendeshwa nje ya kiini, na mfumo haukuweza kubeba zaidi ya programu 32 kwa pamoja. Toleo la 6 la mwaka 2006 liliondoa kikomo hicho na kuziingiza huduma hizo ndani ya kiini ili kupunguza gharama ya kupokezana ujumbe. Mashine ikawa nyepesi zaidi, na draiva mbaya ya printa ikawa hatari zaidi.

Android imekwenda upande wa pili. Programu inayosimamia Bluetooth, ile njia ya mawimbi ya redio ya umbali mfupi inayounganisha mizani na mashine ya mkononi, huendeshwa sehemu kubwa nje ya kiini. Ndiyo sababu, mashine ya Android inapoacha kusikia mizani, mara nyingi inatosha kuizima Bluetooth na kuiwasha tena. Hakuna haja ya kuzima mashine nzima na kusubiri iamke huku watu wamepanga foleni. Tangu mwaka 2017, toleo la 8 la Android limetenga zaidi msimbo wa watengenezaji wa vifaa na ule wa mfumo wenyewe, na draiva nyingi huzungumza na mfumo kupitia programu za pembeni.

Ijumaa ya Julai 2024

Tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Kenya, kampuni ya usalama ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilituma sasisho dogo kwa wateja wake duniani. Lilikuwa faili la kanuni za kutambua wadukuzi. Kanuni mpya zilitaka thamani ya 21 katika orodha, wakati programu ilikuwa imeandaa 20 pekee. Programu ikaenda kuitafuta ya 21 mahali pa kumbukumbu ambapo haikupaswa kufika.

Kama programu hiyo ingekuwa katika hali ya mtumiaji, ingefungwa na kazi ikaendelea. Lakini sehemu yake ilikuwa draiva ndani ya kiini cha Windows, iliyowekwa humo ili imwone mdukuzi hata akijificha chini kabisa. Mashine ziliangukia skrini ya buluu. Zilipojiwasha, draiva ilisoma faili lilelile na kuanguka tena. CrowdStrike iliondoa faili hilo baada ya dakika 78, lakini mashine zilizokwisha kuanguka hazikuweza kupokea marekebisho. Nyingi zilihitaji fundi azifikie moja baada ya nyingine. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Safari za ndege zilifutwa kwa maelfu, na hospitali zikaahirisha matibabu.

Mashabiki wa Linux walishangilia mapema mno. Mwezi mmoja kabla, kampuni ya Red Hat ilikuwa imeeleza kwamba programu ya CrowdStrike hiyohiyo ilisababisha kiini cha Linux kuanguka kwenye baadhi ya mashine zake. Zilizosalimika mara zote mbili ni kompyuta za Apple, na Apple ilikuwa imeanza mwaka 2019 kuzitoa programu za namna hiyo nje ya kiini chake. Novemba 2024 Microsoft nayo ilitangaza kwamba inaandaa njia ya kampuni za usalama kufanya kazi nje ya kiini cha Windows.

Kwa ufupi: usiulize tu kama ni Windows au Linux. Uliza ni kitu gani cha watu wengine kimeruhusiwa kukaa ndani ya kiini, na nani anaweza kukibadilisha bila wewe kujua.

Si kila kuganda ni kosa la kiini

Karani anayelaumu stima naye asikilizwe. Nyanda za Kericho na Nandi zinajulikana duniani kwa wingi wa siku zenye mvua ya mawe, na radi huandamana nayo. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikosa stima. Hakuna kiini, kikubwa au kidogo, kinachoweza kufanya kazi bila umeme. Kinachoweza kufanywa ni kupunguza hasara.

Mifumo ya mafaili ya kisasa huandika kwanza kwenye daftari dogo kile inachokusudia kubadilisha, kisha ndipo hubadilisha. Stima ikikatika katikati, mashine ikiwashwa husoma daftari hilo na kumaliza kazi au kuifuta. Windows NT ilikuwa na utaratibu huo tangu 1993, na Linux iliupata mwaka 2001. Kadi za kumbukumbu na flashi nyingi bado hutumia mfumo wa zamani wa FAT, usio na daftari hilo. Rekodi ya pesa isikae kwenye flashi peke yake.

Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ulitufundisha jambo hili kwa uchungu. Vifaa vya kielektroniki vya kuwatambua wapiga kura vilishindwa katika vituo vingi nchini. Baadhi ya kompyuta ziliishiwa betri katika vituo visivyo na stima, na makarani wakarudia daftari la karatasi. Usanifu wa kiini haukuhusika.

Kwa mwenye simu au kompyuta inayomsumbua, dalili hizi zitamsaidia kabla hajampelekea fundi:

- Programu moja inajifunga, nyingine zinaendelea. Kosa ni la programu hiyo. Isasishe au iondoe.
- Kila kitu ni kizito, lakini saa inasonga na simu inapokea mlio. Kumbukumbu au hifadhi imejaa. Simu yenye gigabaiti 1 au 2 za kumbukumbu hupata taabu hii kila mara, na kufuta video husaidia kuliko kubadili mfumo.
- Skrini ya buluu, au simu inajizima na kujiwasha yenyewe. Hapa ndipo kiini kinahusika. Kagua draiva iliyoongezwa karibuni, kisha kumbukumbu na betri.
- Tatizo huonekana tu ikiwa kwenye chaja. Badilisha chaja. Chaja duni huweza hata kufanya kioo cha simu kijiguse chenyewe.

Yapo makosa ya kifaa yanayojifanya kosa la mfumo, na hasa kumbukumbu mbovu: leo huangusha programu hii, kesho ile, keshokutwa kiini chenyewe. Ukiona kuanguka kusiko na mpangilio wowote, anza na kifaa.

Utulivu kwa mwenye kilo zake

Mhandisi huita mfumo tulivu ukikaa muda mrefu bila kuanguka. Mkulima wa Kapkoros ana kipimo kingine, na naamini chake ni bora. Mashine ikianguka mara tatu kwa siku lakini ikarudi kila mara na kilo zake zote, hajapoteza kitu ila dakika. Mashine isiyoanguka mwaka mzima, kisha ikaanguka mara moja na kusahau kilo za asubuhi nzima, imemwibia.

Kiini peke yake hakiwezi kutimiza kipimo hiki. Programu ya mizani lazima iandike kilo kwenye hifadhi ya kudumu kabla ya kuchapa risiti, na iambiwe na mfumo kwamba kweli zimeandikwa, kwa kuwa mifumo mingi hushikilia data kwenye kumbukumbu ya muda kwa sekunde kadhaa kabla ya kuipeleka diskini. Programu isiyosubiri jibu hilo inaweza kutoa risiti ya kilo ambazo hazipo popote. Umri wa mfumo nao uangaliwe: Microsoft iliacha kuutunza mfumo wake wa mashine za mkononi, Windows Embedded Handheld 6.5, Januari 2020, na mashine zilizobaki nao hazipati marekebisho ya makosa tena.

Wakurugenzi wa viwanda, ninyi mmechaguliwa na wakulima. Zabuni ya mashine za mizani inapofika mezani, muulizeni muuzaji ni draiva za nani zilizomo ndani ya kiini, na marekebisho yatatolewa hadi mwaka gani. Kisha wekeni gunia kwenye mizani, mwambieni achomoe betri mbele yenu risiti ikiwa inachapwa, aiwashe tena mashine, na mhesabu kilo zilizobaki. Asiyekubali jaribio hilo msimpe zabuni.